Maneno Niliyomtia Yule Mama Mdomoni

Alhamisi jioni, Wadi Kabir.

Jua limeshazama lakini joto halijapungua hata kidogo. Nimefunga dirisha, nimefunga mlango, nimevuta pazia. Hakuna mtu anayenitafuta, najua hivyo. Ila nisipoandika sitapata usingizi.

Ninaogopa.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: mimi ni Mkenya, na kazi yangu hapa Maskati ni kuigiza kwa sauti. Filamu zinakuja na lugha zao, sisi tunazitia Kiswahili, kisha zinaonyeshwa kwenye televisheni za huko nyumbani. Studio yetu iko mtaa wa Ghala, juu ya gereji ya kutengeneza viyoyozi vya magari. Wakianza kugonga vyuma kule chini, tunasimama kurekodi mpaka wamalize. Majina yote nitakayoandika leo nimeyabadilisha. Nchi yenyewe siitaji. Na vitu vingine vidogo nimevigeuza makusudi, mniwie radhi.

Mwaka huu tumekuwa tukifanya vichekesho vya zamani vya nchi hiyo. Vilitengenezwa na serikali, kwa pesa za serikali, enzi za kiongozi ambaye picha yake ilitundikwa kila ukuta. Alishakufa. Sasa anatawala mwanawe, na picha ukutani ni mbili.

Nilidhani filamu za serikali ya namna hiyo zitakuwa hotuba tupu. Wapi! Zinachekesha hadi mbavu zinauma. Wake wanaficha waume kabatini, maafisa wanateleza kwenye sabuni, bibi harusi anaingia harusi isiyo yake. Watu wa kule wanazijua kwa moyo, na kila sikukuu huwekwa tena. Karibu katika zote yupo mama mmoja mnene, macho makubwa, anayecheza mfagizi au mpishi au jirani mbea. Siku hizi ni bikizee, yuko hai, anaishi kwao.

Sauti yake ya Kiswahili ni mimi.

Nimekaa na pumzi za huyo mama masikioni kwa miezi sasa. Kicheko chake kinaanzia puani. Akiwa anakaribia kumdanganya mumewe kwenye filamu, anavuta hewa kidogo, kwa haraka, kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Nilijifunza kuivuta vilevile.

Anayetutafsiria ni mwanamke wa nchi hiyo, nitamwita Lili. Anazigeuza kwa Kiingereza, mimi naziandika Kiswahili cha kusemeka. Ana umri wa kunizidi kidogo, mpole, hanywi karak, chai yetu ya maziwa, kwa sababu ya sukari. Aliondoka kwao miaka mingi iliyopita na harudi. Mama yake kabaki kule. Kila jioni kabla ya kutoka kazini humpigia, wanaongea mambo ya chakula na magoti.

Sasa filamu yenyewe. Ni ya ofisi ya posta. Saa kubwa ya ukutani imesimama na hakuna anayethubutu kumwambia mkubwa, kwa hiyo wafanyakazi wote wanarekebisha saa zao za mkononi zifuate ile. Wanaishia kula chakula cha mchana alfajiri na kufungua posta usiku wa manane, wakihudumia paka. Yule mama ndiye mfagizi. Anapanda juu ya kiti, anaifuta ile saa vumbi kwa upole, anasema: "Saa hii haikosei. Ni siku ndiyo iliyokosea."

Nilimuuliza Lili wakati ule, hii inachekesha nini hasa? Akasema, "Isome tu kama ilivyo." Nikaona hajui vichekesho. Nikaona nimsaidie.

Nikaandika: "Mzee hakosei. Jua ndilo limechelewa kuchomoza."

Sisi Wakenya tunajua Mzee ni nani. Ni baba nyumbani, ni bosi, ni yule wa juu kabisa. Nilipoisema mbele ya kipaza sauti, Bi Rahma alicheka mpaka akajifuta machozi. Bi Rahma ndiye mwenye studio na ndiye anayeshika mitambo, Mwomani aliyezaliwa Unguja akaletwa huku mdogo. Lili siku hiyo alikuwa na homa, hakuja.

Filamu ikaonyeshwa. Mtu akakata kile kipande, kikazunguka kwenye simu. Dada yangu alinitumia kutoka Bungoma bila kujua ni sauti yangu. Watu wakawa wanaandikiana "Mzee hakosei" kuhusu mabosi wao, wakwe zao, makocha wao. Nilijivuna. Niseme ukweli, nilijivuna sana.

Leo asubuhi nimefika studio nikamkuta Lili ameketi ndani ya chumba cha kurekodia, taa imezimwa. Akanivuta ndani, akafunga ule mlango mzito. Ni mahali pekee ambapo sauti haitoki.

Akanionyesha simu yake. Kile kipande changu. Mtu wa kwao, anayeishi sijui wapi, alikuwa amekipata, akaulizia maana ya Kiswahili, kisha akaandika chini yake kwa lugha yao. Pale niliposema "Mzee" ameandika lile jina la heshima ambalo kule anaitwa mtu mmoja tu. Marehemu kiongozi aliitwa hivyo, na sasa anaitwa mwanawe. Kimetazamwa nchi nzima.

"Kila mtu kwetu anajua saa ile ni nani," Lili akaniambia. "Tangu nikiwa mtoto. Tunacheka wote, halafu hakuna anayesema anacheka nini. Hata wakaguzi wa serikali walijua. Lakini wangeikataza wangelazimika kusema kwa midomo yao kwamba saa mbovu ni yeye. Kwa hiyo wakaipitisha. Wewe ndiye mtu wa kwanza kusema."

Nikamwambia sikujua.

"Najua hukujua. Wamemchukua jana."

"Wamemchukua nani?"

"Mama wa watu. Mfagizi."

Nilikaa chini, palepale kwenye zulia, kati ya nyaya.

Sijui kama naweza kueleza nilivyohisi. Ni bikizee ambaye sijawahi kukutana naye. Hajui kwamba nipo. Wakati mimi napanda gari asubuhi nikiwaza nitapika nini, yeye alikuwa chumbani na watu wanaomuuliza maana ya neno la lugha asiyoijua.

Bi Rahma alipoingia tukamweleza. Hakupiga kelele. Alijifunika vizuri mtandio wake akapiga simu kwa wenye televisheni, na ndani ya muda mfupi wakakubali filamu iondolewe mpaka tuwapelekee nyingine yenye mstari uliorekebishwa. Kile kipande kinachozunguka hakuna awezaye kukiondoa. Lakini akasema tufanye kilicho mikononi mwetu, tena upesi, ili mtu akiuliza aambiwe yalikuwa makosa ya tafsiri.

"Mwanangu, mie nnaijua khofu hii," akaniambia akiwasha mitambo. "Marehemu babangu, mtu akicheka kwa nguvu sebuleni, yeye hutazama mlango. Mpaka anakufa hapa Maskati, akitazama mlango. Haya, ingia ndani."

Nikaingia. Nikavaa spika za masikioni. Yule mama akapanda kwenye kiti chake kama kawaida, akaanza kuifuta saa, nami nikasema kwa Kiswahili kile kile alichosema yeye. Saa hii haikosei, ni siku ndiyo iliyokosea.

Upande wa pili wa kioo Lili akatikisa kichwa. "Bado inachekesha."

Nikarudia kwa sauti bapa. Bado. Nikarudia kama mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa kitambulisho. Ikawa mbaya zaidi, Bi Rahma akageukia ukutani mabega yakimtetemeka kwa kicheko, na nikaona aibu kwa niaba yake na hasira kwa niaba yangu. Tukabadilisha maneno. "Saa hii ni nzuri." Bado. "Saa hii ina vumbi." Ndiyo ikachekesha kuliko zote.

Tatizo si maneno. Ni uso wake. Anaitazama ile saa kwa mapenzi ya kweli, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi, na chochote utakachosema juu ya uso huo, watu watacheka. Kichekesho alikuwa amekificha usoni, mahali ambapo hakuna mkaguzi angeweza kupiga mstari mwekundu.

Kule gereji wakaanza kugonga vyuma. Tukasubiri. Sote watatu tulikuwa tunalowa jasho na kiyoyozi kinaunguruma.

Mwishowe Bi Rahma akaondoa sauti yangu kabisa. Akatia mlio wa birika linalochemka, mkubwa, kana kwamba jikoni kwa posta kuna mtu anapika chai. Sasa yule mama anafungua mdomo na hasikiki. Lili akatazama mara mbili, akasema sawa.

Nimefanya kazi hii nikitafuta watu wacheke. Leo nimeshinda kutwa nikitafuta wasicheke, na jasho lilikuwa lilelile.

Tulikuwa bado tumekaa, sambusa za Bi Rahma zimepoa bila kuguswa, simu ya Lili ikaingia video. Ni yule mama. Amerudishwa nyumbani. Ameketi kwenye kiti cha kitambaa chekundu, maua pembeni, amepakwa rangi ya mdomo. Amekonda shingo. Lili akatafsiri taratibu: anasema filamu ile ilihusu uvivu wa wafanyakazi wa posta, basi. Anasema maadui walio ng'ambo wamemtia mdomoni maneno machafu. Anamshukuru kiongozi kwa kumtunza uzeeni. Halafu akacheka.

Sihitaji kujua lugha yao. Kabla ya kila sentensi alikuwa akivuta hewa, kidogo, kwa haraka. Na kile kicheko hakikuanzia puani. Kilitoka kooni, kikavu, kama mtu anayejaribu kufungua mlango kwa ufunguo usio wake.

Nikaenda msalani nikanawa uso.

Niliporudi Lili alikuwa kwenye simu. Mama yake ndiye aliyempigia, na Lili anasema mama huyo hajawahi kupiga yeye mwenyewe, kwa sababu ya gharama. Mama alikuwa anaongea kwa sauti kubwa sana, nasi tulimsikia mpaka upande wa pili wa meza. Habari za bei ya nyanya sokoni, Lili alitueleza baadaye. Habari za mvua. Kisha akasema simu yake imeharibika, Lili asimpigie tena, yeye mwenyewe atampigia ikishatengenezwa.

"Simu yake haijaharibika," Lili akasema alipokata.

Jina la Lili limo mwishoni mwa filamu ile, chini ya jina langu. Bi Rahma ameshaliondoa kwenye nakala mpya. Ya zamani wameiona watu wangapi, sijui. Niliomba msamaha mpaka maneno yakaisha, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, akikunja na kukunjua mfuko wa karatasi wa sambusa. Laiti angenitukana.

Hakutaka kwenda kwake peke yake, nami sikutaka kumwacha. Bi Rahma ametuleta kwa gari lake mpaka mlangoni. Kabla hatujashuka ameniambia, "Usiwe unapokea nambari usiyoijua, sawa mwanangu? Na mwenzio mpe kitu cha moto." Nimepika ugali na mayai. Lili amekula kidogo, kwa adabu. Chakula cha kwanza kukila nyumbani kwangu, na nimekuwa nikimwambia tangu mwaka jana aje.

Kesho ni Ijumaa, na kwa kuwa hapa ndiyo siku ya mapumziko, ndiyo siku ninayoenda kanisani. Lili si mtu wa dini yoyote, lakini ameuliza kama anaweza kuja kukaa nyuma. Nimemwambia karibu.

Jumapili kazi inaendelea. Kuna filamu nyingine ya yule mama inasubiri, anacheza mke wa mwoka mikate. Nilitaka kumwambia Bi Rahma atafute mtu mwingine. Lili amekataa. Anasema mtu mwingine hatakuwa makini, na mimi angalau sasa najua. Tena hiyo ndiyo filamu anayoipenda mama yake kuliko zote.

Nikamwahidi. Nikamwambia, safari hii sitaongeza hata neno moja langu. Neno kwa neno, kama utakavyonipa.

Alinitazama, si kwa chuki. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mwenzangu wa chumba aliye likizo, miguu imening'inia.

"Utaongeza," akasema. "Ukifika mahali ukaona hapa pangechekesha zaidi, utaongeza. Yule mfagizi naye ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mnafaa kazi hii. Na ndiyo maana nakuogopa."

Amegeukia ukuta sasa, simu ameilalia chini ya shavu, na sijui kama amelala au anasikiliza kama italia.

Nimeisoma posti hii mara mbili nikifuta kila kinachoweza kumfikia mtu. Kuna sentensi moja ya kuchekesha nilikuwa nimeiandika kuhusu wale waliomhoji yule mama. Ilikuwa nzuri kwelikweli.

Nimeifuta. Ilinichukua muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.