Jina la Mama kwenye Kanda ya Sabuni

Tusajigwe mjukuu wangu, ndaga, nakusalimu. Huku Ikuti upepo umeangusha migomba, na bibi yako bado anakohoa.

Unaniuliza kama uikubalie kampuni ya simu ikusanye nyimbo zako za roki kwenye albamu yao ya matangazo. Mimi sijui. Ninalojua ni hili.

Nilipokuwa kijana wa gitaa, kampuni ya sabuni ilikusanya nyimbo zangu kwenye kanda, ikaigawa bure kila soko la Rungwe. Niliwapa hata ule niliomwimbia mama alipofariki. Wakaniomba nitoe jina lake, niweke la sabuni. Nikaimba, tena kwa bashasha.

Miaka ikapita, dada yangu akafa. Pale kaburini nikauanzisha wimbo ule, kwa jina la mama. Waombolezaji wakaitikia kama walivyoujua kwenye kanda: wakaita sabuni. Hakuna aliyecheka, mjukuu wangu. Walikuwa wanalia kweli.

Tangu siku hiyo sijagusa gitaa.

Mama aliitwa Subilaga. Waliomjua wamekwisha, nimebaki mimi. Ukisikia nimekufa, njoo, lakini usiwaache wauimbe.

Babu yako