Jina Lako Kwenye Mita

Hooyo, mama yangu mpenzi,

Friji yako ya maziwa ingali inafanya kazi. Najua hilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya wajukuu.

Uliponunua friji hiyo nilinuna wiki nzima. Sisi tulilala chini, na wewe ukaleta friji ya kuwahifadhia wengine maziwa. Ulisema, "Maziwa ya ngamia yakibaki sokoni kwa joto hili la Garissa yanachacha. Hawa wanawake wametoka mbali." Hukuwatoza chochote. Walikulipa kwa dua, na tangu uondoke hawajaacha. Kila asubuhi Habiba, mmoja wao, huchukua madumu yake na kusema, "Allah amrehemu mama yako, amuweke mahali baridi." Sheikh alituambia hiyo ndiyo sadaka yako inayoendelea. Kwa hiyo nikiizima friji, nimekukatia wewe thawabu.

Lakini umeme umepanda bei, Hooyo, na tokeni ninayoilipia ya mita haikai siku nyingi. Mwezi uliopita nilishika plagi mara mbili nikaiacha. Mamlaka inayosimamia bei za umeme ilipokuja mjini kusikiliza wananchi, nilienda na Habiba. Bwana mmoja wa mamlaka hiyo akatueleza habari ya kodi, mafuta ya mitambo na dola. Habiba akaninong'oneza, "Dola inaingia wapi kwa maziwa yangu?" Nilijikaza nisicheke.

Zamu yangu ilipofika nilisema kampuni ya umeme inatutoza bei ya biashara kwa sababu ya friji, ilhali kwetu hapauzwi kitu. Bwana yule akakubali kwamba nina haki na kampuni italazimika kurekebisha. "Ila mita ina jina la mtu mwingine," akasema akitazama risiti yangu. "Mwenyewe aje."

Nikamwambia hawezi kuja.

Jina lako nililiacha makusudi miaka yote hii. Nikinunua tokeni kwa wakala, risiti hutoka na jina lako, nami huikunja na kuiweka mkobani. Ni ujinga, najua, lakini nilikuwa na hamu nawe.

Jumatatu nilipeleka cheti chako cha kifo kwenye ofisi ya kampuni. Karani alikata jina lako kwa kalamu ya buluu, akaandika langu, akanisogezea karatasi. Nililia pale pale kaunta, watu wakiwa foleni nyuma yangu. Halafu nikatia sahihi. Unisamehe, Hooyo. Niliona afadhali upoteze mita kuliko upoteze dua.

Mola akulaze pema.

Kitinda mimba wako,
Saadia