Nusu ya Mama

Jumatatu, 10 Machi 2025
Wamepata mifupa Jorodom, wakichimba msingi wa nyumba. Ya mwanaume mzima. Kaka yangu Renatus hajaonekana tangu maporomoko ya matope ya Desemba 2023. Nimepigiwa simu — ndugu waende Katesh kupimwa DNA. Nimemwambia baba. Akaendelea kupukuchua mahindi.

Jumatano, 12 Machi
Nimefundisha Form Six leo, DNA. Nimechora ngazi iliyosokotwa. Pembeni sukari na fosfeti, zimeshikana imara. Katikati A na T kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C kwa vitatu. Mwanafunzi wangu Glory kauliza, kama hivyo vya katikati ni dhaifu, mbona ngazi haiachani? Nikamjibu ni vingi mno, vinashikilia pamoja. Halafu nikasema kila mtoto ana nusu ya mama, nusu ya baba. Nikakaa chini. Wakadhani naumwa.

Ijumaa, 14 Machi
Baba hataki kwenda. Mama ana miaka minane kaburini, kwa hiyo mzazi ni yeye tu. Anasema niende mimi, dada mtu. Nimemuuliza kwa hasira kama hataki mwanawe azikwe. Ugali hakugusa.

Jumamosi, 15 Machi
Kaniita zizini. Kaongea huku anakamua, kanipa mgongo.
"Nilimuoa mama yako akiwa na mimba ya Renatus. Tulijua sisi wawili tu. Nikipimwa watasema si wangu. Watatunyima mifupa, atazikwa pamoja na wasiojulikana."
Miaka thelathini na minne! Hata Renatus hakujua.
Nimemwambia nitaenda peke yangu, nusu ya mama ninayo, itatosha. Ukweli sina hakika. Kwa ndugu wa mama mmoja jibu halinyooki kama la mzazi. Hilo sikumwambia.

Jumatatu, 17 Machi
Katesh, benchi la hospitali. Asubuhi nimemkuta baba barabarani, amevaa koti la kanisani. Sikumrudisha.
Nesi Belinda kamwamkia shikamoo, kampa fomu. Fomu inauliza uhusiano na aliyepotea. Baba akaandika BABA MZAZI, herufi kubwa.
"Basi mzee, tunaanza na wewe," nesi akasema, akachana pakiti ya kijiti cha pamba. "Fungua mdomo."
Hakufungua. Akanitazama.
Simu ya nesi ikaita, akatoka nje. Fomu bado iko magotini kwa baba.
"Nifute?" kaniuliza, chini chini.
Nimemwambia asifute, baba wa Renatus ni yeye. Nesi anarudi —