Picha haikutoshea juu ya majina

Ngara, Jumatano

Mara ya tatu naibandua. Picha ya vijana wa Kanazi walioenda vitani nikiipandisha inagusa kichwa cha ripoti, nikiishusha inafunika majina niliyokwisha kuyapiga chapa.

Ndugu Afisa, mkubwa wangu ofisini, akachoka kunisubiri, akachukua mkasi. "Punguza picha, majina yabaki." Akamkata wa mwisho kulia, Sabasi. Jina lipo, mwenyewe hayupo. Nilikasirika, nikaibandika iliyobaki.

Mchana mama yake Sabasi akaja kuulizia habari zake. Shikamoo, marahaba. Nikaokota kile kipande sakafuni, nikampa.

Begani kwa mwanawe ulibaki mkono wa mwenzake.

"Huyu aliyemshika," akaniuliza, "bado yuko naye?"