Baba, Ulikaa Nje ya Mlango

Mpendwa Baba,

Leo nimetoka kliniki. Daktari amenipima, akatazama picha za kifua, akaniambia nirudi baada ya mwaka. Zamani ningeshika njia ya kwako Mabanga, kule Bungoma, moja kwa moja nije nikwambie. Sasa nimekaa hapa kwangu Kitale na wewe hupo, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka mambo yalivyokwenda kasi. Nilikuta kivimbe kwenye titi la kushoto nikioga, nikijitayarisha kwenda kanisani. Walikata kipande, wakakipeleka Nairobi. Majibu yalirudi Jumatatu, na daktari hakutaka kungoja. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefundisha hesabu darasa la sita. Ijumaa nikazinduka wodini nimefungwa bendeji, titi halipo. Watu waliniuliza kama nililia. Ningelia saa ngapi? Nilikuwa natia sahihi, natolewa damu, naelezwa mambo ambayo hata sikuyasikia.

Wewe hukuingia wodini. Kwetu baba haingii anapolala binti yake aliyeolewa, tena ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mahali usipoweza hata kupataja. Ulisimama nje dirishani, kofia mkononi, ukaniuliza kama nimekunywa uji. Nikasema nimekunywa. Ukarudi Bungoma, halafu kesho kutwa ukaja kuuliza lilelile.

Nilipomaliza mionzi kule Nairobi, mume wangu Barasa alinileta kwako nipumzike. Mama alikuwa ametuacha kitambo, kwa hiyo tulikuwa mimi na wewe tu. Mwili ulikuwa umeshatibiwa. Moyo ndio kwanza ulikuwa unafika. Asubuhi moja nilivaa blauzi niliyoshonewa Krismasi, upande mmoja ukalegea mtupu. Nikakaa kitandani, nikang'ata shuka ili usinisikie. Ulinisikia. Nikasikia kigoda kikiburutwa, ukakaa nje ya mlango.

"Baba," nikakuuliza, "nitakufa?"

Ulisogeza kigoda karibu zaidi na mlango.

"Sijui, mama," ukasema. Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako. "Lia. Mimi niko hapa."

Kila mtu alikuwa ameniambia nijikaze: walimu wenzangu, akina mama wa kanisa, hata Barasa, maskini, kwa woga wake. Wewe peke yako hukuniambia hivyo. Nililia mpaka njaa ikanishika, nikatoka, nikakukuta umechemsha mahindi.

Wewe ndiwe uliyekuwa unanifulia nguo, hata zile za ndani, ukazianika pale wapita njia wanapoziona. Shangazi Nafula aliposema ni aibu, ulimwambia aje afue yeye basi. Hakuja. Muuguzi alikuwa ameagiza mkono wa upande uliokatwa unyooshwe, usiachwe ukakakamaa, kwa hiyo ulianza kuniachia kazi ya kuanika, na kila Jumamosi ulipandisha kamba kidogo. Nilikasirika, nikakwambia, si uiache tu ilivyokuwa. Ukajifanya hukusikia. Siku moja nilianika shuka zima nikiwa nawaza mambo ya shule, na ndipo nikagundua kwamba mkono haukuuma, na kwamba nilikuwa nawaza mambo ya shule.

Muhula uliofuata nilirudi darasani. Nilikuwa na hofu, nayo bado inanitembelea kila ninapokaribia siku ya kliniki. Siifukuzi tena. Inakaa, inachoka, inakwenda.

Mwaka jana tulikuzika. Watu walipoanza kutawanyika, jirani yako Mzee Simiyu alinivuta kando. Akaniambia kwamba tangu niugue, kila mlipokutana kwa maombi ya alfajiri ulikuwa na ombi moja tu: huyu mtoto anizike, nisimzike mimi. Miaka yote hiyo, Baba, na hukuniambia.

Nilisimama pale sijui nifanye nini na uso wangu. Nilikuwa nakulilia, na ndani ya kilio kulikuwa na furaha niliyoona haya watu waione. Ulikuwa umepewa ulichoomba. Nilikuwepo, mzima, na nilikuzika.

Kifungua mimba wetu ameingia kidato cha kwanza. Anapenda ubishi kama wewe, na nataka kuona utamfikisha wapi. Yule mdogo anang'oka meno ya utoto. Bado nina mengi ya kufanya huku.

Lala salama, Baba. Mimi nitakawia.

Binti yako,
Nekesa