Rundo la Pamba Fifi

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Magu hatujambo, na shangazi yako amejifungua mapacha. Umeniuliza mtu hujuaje kwamba ana mtoto wa jicho. Mara nyingi hajui, maana ukungu wake huja taratibu, kama ule wa ziwani alfajiri.

Miaka ya tisini, nikiwa msichana, mama yangu ndiye aliyechambua pamba yetu: nyeupe, yaani safi, kando, ya manjano, yaani fifi, kando. Msimu mmoja rundo la fifi likazidi kukua. "Unavuna kizembe," akaniambia. Nililia.

Baadaye mama alipoanza kujikwaa, tulimpeleka Mwanza, na daktari alisema lenzi iliyo ndani ya jicho lake imechakaa na kuwa ya manjano. Akamchoma sindano ya ganzi, akaitoa ile lenzi, akaweka ya bandia. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, mama alilitazama shuka jeupe la kitanda kwa muda mrefu, kama mtu anayeota.

Tuliporudi nyumbani alikwenda kwenye lile rundo, akajaza viganja vyake. Pamba ilikuwa nyeupe kama povu la ziwa.

"Kumbe ulivuna vizuri, mwanangu."

Jana nilimgombeza shangazi yako kwamba nepi za mapacha hazitakati. Akainua moja juani: "Mama, mbona ni nyeupe?"

Mwambie baba yako aje anipeleke Mwanza.

Bibi yako,
Minza