Windo Lisilolika

Kiuyu, Jumatano, Mfunguo Tatu

Leo tena nguruwe. Mimi na shemeji tumemkuta katika shimo letu la mtego, kanona, tukammaliza kwa mkuki.

Bonde hili lilipokuwa la mpunga, mabata mwitu walishuka wenyewe, nami nikirudi na kitoweo. Bwana Shamba katuamuru tupande muhogo, eti kuna vita, tusife njaa. Mabata wamehama, wamekuja nguruwe. Nikiwaacha, wanaumaliza muhogo. Nikiwaua, narudi najisi, nijioshe mara saba, moja kwa udongo.

Jioni nimemkuta mke wangu keshateleka muhogo.

"Mmepata?"

"Tumepata. Mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Tumemfukia mle mle shimoni."

Akapakua. Tumekula muhogo mtupu. Kesho nikachimbe shimo jingine.